Rangi ya sakafu ya gereji: kwa nini ilibanduka, na upake nini safari hii

Swali: Gereji yangu ina sakafu ya zege ya mita 6 kwa 5, ilimwagwa miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana niliipaka mikono miwili ya rangi ya mafuta. Baada ya miezi minne ikaanza kubanduka pale magurudumu yanaposimama, na sasa imefanya malengelenge karibu na ukuta wa nyuma. Kuna pia madoa ya oili yasiyotoka. Nataka kuipaka upya mwenyewe. Nichukue epoksi au kuna kitu kingine? Na nifanye nini ili isibanduke tena?

Jibu: Sakafu yako imeharibika kwa namna mbili, na dawa zake ni mbili. Kubanduka chini ya magurudumu ni tatizo la juu, kati ya rangi na tairi. Malengelenge ya karibu na ukuta ni tatizo la chini, yaani maji yanayopanda kupitia zege. Ukitandaza epoksi bila kuyatenganisha haya mawili, pale kwenye magurudumu patapona, lakini malengelenge yatarudi, pengine makubwa kuliko ya sasa, kwa sababu epoksi inaziba kuliko rangi uliyokuwa nayo na maji yakikosa pa kutokea yanaisukuma.

Anza kwa kuokota magamba machache ya rangi iliyobanduka, ya sehemu zote mbili, na uyageuze uone mgongo wake. Mgongo wa gamba unakueleza mengi kuliko uso wake. Ukikuta unga wa kijivu umeganda nyuma, rangi haikukosa nguvu ya kushika: ilishika vizuri utandu dhaifu wa saruji uliobaki juu ya zege, na utandu huo ndio uliong'oka. Utandu huu hutokea zege likimwagwa na maji mengi au likisuguliwa mno kwa mwiko; saruji laini na maji hupanda juu, vikakauka kuwa tabaka lisilo na kokoto wala nguvu. Mgongo ukiwa safi na unang'aa kama kioo, zege lilikuwa laini mno au lilikuwa na mafuta, na rangi haikupata pa kushika. Ukiwa unateleza, unanata au una unyevu wa kisabuni, basi rangi yenyewe imeoza.

Hilo la mwisho ndilo ninalolitarajia karibu na ukuta wako. Zege lina alkali kali. Likiwa changa pH yake hufika 12 hadi 13. Mafuta yaliyomo kwenye rangi ya mafuta yakikutana na alkali hiyo pamoja na maji hugeuka sabuni, kwa kanuni ileile inayotumika kupika sabuni kwa mafuta na kostiki soda. Ndiyo maana rangi ya mafuta si ya kuweka moja kwa moja juu ya sakafu ya zege inayogusa ardhi, hata kopo likiandikwa kwamba ni ya sakafu.

Pale penye magurudumu kisa ni kingine. Gari likitoka safari, tairi lina joto. Ndani ya mpira mna vilainishi, na kwa joto hilo hutoka na kupenya kwenye rangi, rangi ikalegea. Tairi likipoa linajikunja kidogo huku limeigandia. Ukiondoa gari, kipande cha rangi kinaondoka nalo. Rangi za kopo moja, za mafuta na za akriliki pia, huathirika sana na jambo hili kwa sababu hazikauki kwa kufungamana vya kutosha. Kinachostahimili ni rangi ya vikopo viwili kama epoksi, yaani resini (gundi nzito ambayo ndiyo msingi wa rangi) na kigumishi, vinavyochanganywa na kushikana kikemia.

Pima maji kabla ya kununua chochote

Kwangua rangi yote katika sehemu tatu, kila moja upana wa nusu mita: moja karibu na ukuta wa nyuma, moja katikati, moja karibu na mlango. Kata vipande vya nailoni nzito vya sentimita 45 kwa 45, viweke juu ya zege tupu na uzibe pande zote nne kwa tepu pana isiyopitisha hewa. Viache kwa saa 16 au zaidi. Mimi napendekeza saa 24, mahali pasipopigwa na jua. Ukivifunua, tazama chini ya nailoni kama kuna matone, na tazama zege kama limekuwa jeusi kuliko la pembeni. Dalili yoyote kati ya hizo mbili maana yake maji yanapanda.

Kipimo hiki ni rahisi, lakini kina udhaifu wa kuangalia siku moja tu. Zege lililo kavu wakati wa kiangazi laweza kuwa bichi wakati wa mvua, kwa hiyo kifanye kipindi chenye mvua kama unaweza kusubiri. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile cha kutoboa tundu hadi asilimia 40 ya unene wa zege, kutumbukiza kihisio na kusoma unyevu wa ndani. Watengenezaji wengi wa epoksi huweka mwisho kwenye asilimia 75 hadi 80, na kikomo cha rangi uliyoinunua huandikwa kwenye karatasi yake ya maelezo. Isome karatasi hiyo kabla ya kulipa.

Nailoni ya ukutani ikitoka na maji, toka nje ya gereji kwanza. Je, udongo wa nyuma ya ukuta uko juu kuliko sakafu? Je, maji ya paa yanamwagikia hapo? Shusha udongo uwe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, peleka maji ya bati mbali, kisha upime tena baada ya wiki kadhaa. Mara nyingi unyevu wa ukingo mmoja tu wa sakafu chanzo chake ni hapo. Ikiwa nailoni zote tatu zina maji, inaelekea zege lilimwagwa bila nailoni ya kuzuia unyevu chini yake, na hapo hakuna mfereji wa nje utakaosaidia.

Kwa sakafu ya namna hiyo usipake epoksi ya kawaida. Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni praima (rangi ya kutangulia) ya epoksi iliyotengenezwa mahususi kuzuia unyevu, inayopakwa nzito juu ya zege lililosagwa vizuri; inafanya kazi, ila haisamehe kosa lolote la maandalizi, na tundu moja lililosahaulika linakuwa lengelenge. Ya pili ni kuacha kabisa rangi na kutumia kigumisha zege cha silikati ya lithi au ya sodi. Hiki ni maji yanayonyonywa na zege na kuungana na chokaa iliyobaki ndani ya saruji, yakatengeneza kitu kilekile kinachoipa saruji nguvu. Sakafu inakuwa ngumu, haitoi vumbi, na mvuke unaendelea kupita bila kubandua kitu, kwa kuwa hakuna utando wa kubanduliwa. Hakina rangi na hakizuii oili kuacha doa. Sakafu bichi iliyogumishwa kwa silikati ni bora mara kumi kuliko sakafu bichi yenye epoksi inayobambuka.

Kuchagua rangi, ikiwa zege ni kavu

Nakushauri epoksi ya vikopo viwili inayochanganyika na maji. Kuna epoksi nzito isiyo na kiyeyusho chochote, ambayo mkono mmoja wake unatoa unene wa mikroni 250 na zaidi (mikroni 1,000 ni milimita moja), na kwa uimara inaishinda hii. Lakini ukishachanganya una dakika 20 hadi 40 za kufanya kazi, na kwa mtu anayefanya mara ya kwanza akiwa peke yake muda huo unaisha akiwa katikati ya chumba. Epoksi ya maji inakupa muda mrefu zaidi, haina harufu kali, inavumilia kidogo unyevu uliobaki kwenye zege, na mikono mitatu inafikisha unene unaofaa kwa gari la nyumbani. Ukipata msaidizi mmoja makini, mizani inageuka, chukua ile nzito.

Jihadhari na kopo moja lililoandikwa epoksi. Epoksi isiyo na kigumishi cha kuchanganya mara nyingi ni akriliki au rangi ya mafuta iliyoongezwa resini kidogo ya epoksi. Ni rangi nzuri kwa stoo au kibaraza cha kutembea, lakini tairi la moto litaing'oa kama lilivyong'oa ya kwanza.

Jua linaingia kiasi gani mlangoni? Epoksi ikipigwa na jua hugeuka manjano na baadaye hutoa unga kama chaki. Haibanduki kwa sababu hiyo, inachakaa sura tu. Kama mlango unakaa wazi mchana kutwa, malizia kwa mkono mmoja wa poliyurethani ya vikopo viwili inayostahimili jua, na uipake sakafu nzima ili mng'ao uwe mmoja. Poliyurethani pia haikwaruziki kwa urahisi kama epoksi. Kigumishi chake kina isosayanati, kitu kinachoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, kwa hiyo vaa barakoa yenye vichujio vya gesi, usiipulize kwa mashine, na usiipake mahali pasipo na hewa. Kuhusu poliaspatiki, rangi nyingine ya sakafu inayosifiwa kwa kukauka upesi: upesi huo ndio unaomshinda asiye na uzoefu. Waachie mafundi.

Kuiandaa sakafu

Hapa ndipo siku zako nyingi zitakapokwenda, na hesabu siku mbili hadi tatu za kazi kwa mita mraba 30.

Oili huondolewa kabla ya kusaga, si baada yake. Ukisaga kwanza, joto na vumbi vinaisukuma oili ndani na kuisambaza. Kwangua grisi iliyoganda, mwaga sabuni kali ya alkali ya kuondoa grisi iliyochanganywa na maji moto, iache dakika 15 hadi 20 bila kukauka, sugua kwa brashi ngumu, kisha nyonya au suuza maji yote. Rudia. Doa la zamani linaweza kutaka mara tatu au nne. Kwa doa lililozama, changanya sabuni hiyo na unga unaonyonya, kama udongo mkavu wa kunyonyea oili, upate uji mzito. Upake unene wa sentimita moja, funika kwa nailoni, na uondoe kesho yake. Kisha dondosha matone ya maji hapo. Yakisambaa na kunyonywa ndani ya dakika moja au mbili, pamekuwa safi. Yakikaa kama shanga, mafuta bado yapo. Doa linalorudi jeusi kila likikauka limeenda ndani mno. Chonga zege hilo kina cha sentimita moja hadi mbili na ujaze kwa mchanganyiko wa epoksi na mchanga. Ni kazi kidogo kuliko kubandua upya.

Baada ya hapo ondoa rangi ya zamani yote, hata ile inayoonekana imeshika. Rangi mpya haiwezi kushika zege kuliko ilivyoshika ile iliyo chini yake, na ya mafuta itaendelea kugeuka sabuni ikiwa imefunikwa. Kwangua kwanza kwa kikwangulio kirefu kile kinachotoka kwa mkono, kwa sababu rangi laini ikikutana na diski ya almasi huyeyuka na kuiziba. Kisha kodi mashine ya kusagia sakafu yenye vipande vya almasi, namba 30 hadi 40, iliyounganishwa na mashine ya kuvuta vumbi. Grinda ya mkono yenye diski ya kikombe ifike kwenye pembe na kandokando ya kuta. Usiisimamishe mahali pamoja, ichimbapo itaacha bakuli ambalo rangi haitalificha. Vumbi la zege lina silika, na silika huharibu mapafu bila tiba, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Tumia ya kuchuja chembe ya daraja la P3 au inayolingana nayo, na mashine ya kuvuta vumbi isifunguliwe ndani ya gereji.

Utajuaje kwamba umesaga vya kutosha? Pitisha kiganja: zege liwe na mkwaruzo kama msasa namba 80 hadi 120, na chembe za mchanga zionekane mahali pa ule utandu laini. Chora kwa ncha ya bisibisi. Ikiacha mfereji wa unga, utandu bado upo.

Wengi watakuambia uoshe kwa asidi ya hidrokloriki badala ya kusaga. Kwa sakafu yako haifai. Asidi haili rangi wala oili, kwa hiyo itagusa tu pale palipo wazi na kuacha pengine kama palivyokuwa, na inajaza zege maji ambayo utayasubiri yakauke kwa siku nyingi. Inafaa kwa zege jipya, safi, lisilowahi kupakwa kitu, ambako mtu hana mashine. Anayeitumia amimine asidi ndani ya maji, kamwe asimimine maji ndani ya asidi, sehemu moja kwa maji sehemu nne. Aloweshe sakafu kwanza, asugue, kisha aiue nguvu asidi kwa maji yenye soda ya kuokea na kusuuza hadi maji ya suuza yafanane na ya bombani kwa karatasi ya pH. Mabaki ya chumvi ya asidi chini ya rangi huvuta maji na kufanya malengelenge.

Nyufa zisizocheza zipanue kwa diski ziwe na umbo la V, zinyonye vumbi, uzijaze kwa lipu ya epoksi na uzisawazishe kwa msasa zikikauka. Mistari iliyokatwa makusudi ili zege litanuke na kusinyaa isijazwe kitu kigumu. Ipake rangi hadi kingoni, kisha mwishoni uizibe kwa silanti ya poliyurethani inayonyumbuka. Ukiijaza epoksi, zege litapasuka pembeni yake.

Mwisho, nyonya vumbi mara mbili, kwa mielekeo inayokatana, kisha futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Bandika tepu sakafuni na uibandue: ikitoka na unga, nyonya tena.

Kiasi cha rangi

Kuna hesabu moja inayokuokoa na maneno ya matangazo. Lita moja iliyotandazwa kwa unene wa mikroni 100 ikiwa mbichi inafunika mita mraba 10. Kinachobaki ikikauka ni asilimia ya vitu vigumu iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Epoksi ya maji yenye asilimia 50 ya vitu vigumu kwa ujazo, ukiipaka lita moja kwa mita mraba 7, inakuwa mikroni 143 mbichi na 71 kavu.

Sakafu yako ni mita mraba 30. Mkono wa kwanza unazimuliwa kwa maji kiasi cha asilimia 10, au kadiri mtengenezaji anavyoruhusu, ili uingie kwenye vitundu; hesabu lita moja ya rangi kwa mita mraba 8, yaani lita 3.75. Mikono miwili inayofuata, kwa mita mraba 7 kila lita, ni lita 4.3 kila mmoja. Jumla inakaribia lita 12.4. Ongeza asilimia 10 kwa rola, ndoo na zege lililosagwa ambalo linanyonya kuliko laini: lita 14 za resini na kigumishi kwa pamoja. Utapata mikroni 200 hivi kavu. Nunua zote za bechi moja ili rangi ilingane.

Kupaka

Chagua siku kwa kipimajoto, si kwa kutazama mawingu tu. Zege liwe kati ya nyuzi 10 na 30 za Selsiasi, unyevu wa hewa usizidi asilimia 85 (kwa epoksi ya maji heri usizidi 75, kwa kuwa maji yake yanahitaji hewa ya kuyapokea), na joto la sakafu lizidi kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikilifikia huanza kutoa umande) kwa nyuzi 3 au zaidi. Kiwango cha umande unaweza kukikadiria: toa unyevu wa hewa kutoka 100, gawa kwa 5, kisha uitoe kwenye joto la hewa. Hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kwenye nyuzi 24, hivyo sakafu iwe angalau 27. Sakafu ya gereji yenye kivuli mara nyingi ni baridi kuliko hewa, na asubuhi huwa imelowa bila jicho kuona.

Anza alasiri, joto likiwa linashuka. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyo kwenye vitundu vyake hutanuka na kutoka, ikatoboa rangi mbichi vijitundu kama vya sindano. Jioni zege linapopoa linavuta ndani, na rangi inaingia nalo.

Koroga resini peke yake kwanza, hadi chini ya kopo, kisha umimine kigumishi chote. Tumia drili yenye kichanganyio, kwa mwendo wa polepole wa mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika, dakika tatu, ukikwangua kuta na kitako cha kopo. Hamishia kwenye ndoo nyingine safi na ukoroge dakika moja zaidi. Usipake kutoka kopo la kwanza, kwa sababu resini iliyoganda kwenye kuta zake bila kukutana na kigumishi itaacha michirizi inayonata milele. Usizidishe kigumishi ukidhani itakauka upesi. Epoksi haiendi hivyo: kila chembe ya resini inahitaji kiasi chake maalumu, na ziada inabaki humo ikiwa laini na yenye kunata. Changanya vikopo vizima, au pima kwa vyombo vya kupimia, usikisie.

Andika saa uliyochanganya. Epoksi nyingi za maji zina tabia ya hatari: muda wake ukiisha hazigandi wala hazizidi uzito, bado zinapakika, lakini kile unachopaka baada ya hapo hakishiki na mng'ao wake unafifia. Amini saa, usiamini macho. Ile nzito isiyo na kiyeyusho ni kinyume chake, inapata moto ndani ya ndoo. Imwage sakafuni yote mara tu ukimaliza kukoroga na uitandaze kwa raba yenye meno, ukiwa na viatu vya miiba. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanya kazi hupungua karibu nusu.

Paka kandokando kwa brashi, mita chache tu kwa wakati, ili rola ifike kingo zikiwa bado mbichi. Rola iwe ya manyoya mafupi ya milimita 6 hadi 10, na kabla ya kuianza izungushie tepu na kuibandua ili itoe nyuzi legevu. Anzia ukuta wa nyuma ukielekea mlangoni. Tandaza kwa mwelekeo mmoja, pitisha tena kwa mwelekeo unaokatana nao, malizia kwa mpito mwepesi wa mwelekeo uleule chumba kizima. Usirudi kugusa palipoanza kukauka. Mahali zege lilipokunywa rangi yote likabaki bila mng'ao, papake tena kesho kabla ya mkono wa pili.

Mkono unaofuata uje baada ya saa 12 hadi 24, kufuatana na karatasi ya maelezo. Ukichelewa kupita siku mbili au tatu, uso umeshafunga. Upige msasa namba 120 hadi uondoe mng'ao, unyonye vumbi, ndipo upake. Kama asubuhi unaona utelezi mweupe kama nta juu ya epoksi, huo ni kigumishi kilichokutana na unyevu na hewa ukaa. Uoshe kwa maji vuguvugu yenye sabuni, ukaushe, upige msasa. Ukipaka juu yake, tabaka la juu litatoka zima kama ganda.

Epoksi yenye maji juu yake inateleza vibaya. Mkono wa pili ukiwa mbichi, nyunyiza mchanga mkavu wa kwatzi wa milimita 0.3 hadi 0.6, kama gramu 150 kwa kila mita mraba, ukiurusha juu ili ushuke sawasawa, na mkono wa tatu utauziba. Njia ya kutokea mlangoni isikose.

Vaa glavu za nitrili muda wote. Kigumishi kinachoma ngozi, na resini ikigusa mtu mara kwa mara inaweza kumpa mzio usioisha, kiasi kwamba baadaye hata harufu yake inamwasha. Ikikugusa osha kwa sabuni na maji, si kwa thina, maana thina inaipeleka ndani ya ngozi.

Kwa joto la nyuzi 20 hadi 25, tembea juu yake baada ya saa 24, rudisha vitu vyepesi baada ya siku tatu, na gari lisubiri siku saba kamili. Kukiwa na baridi ongeza siku. Zulia, kadibodi na ndoo zilizolowa zisiwekwe wiki hiyo, zitaacha alama. Katika wiki za mwanzo gari likirudi na matairi ya moto, liache nje lipoe kwanza ikiwezekana. Kuosha ni kwa maji na sabuni isiyo kali; mafuta ya breki na maji ya betri yafutwe papo hapo, kwani hata epoksi iliyokomaa inapata doa nayo.

Kabla ya kuanza sakafu nzima, fanya jaribio kwenye mita mraba moja karibu na ukuta ule wa nyuma: saga, paka mkono wa kwanza na wa pili, subiri siku saba. Kisha kata alama ya X kwa kisu hadi kwenye zege, bandika tepu imara, uivute kwa nguvu. Rangi ikibaki na zege, endelea. Ikitoka na tepu, geuza kipande hicho uangalie mgongo wake, kama ulivyofanya na magamba ya kwanza.